Jua ni Bure, Maji ya Moto Muulize Fundi

Nani alianzisha ule usemi kwamba jua ni bure? Namtafuta. Nataka nimpeleke kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Arusha, asimame kaunta aulize bei ya hita ya sola ya lita 200, mbele ya muuzaji anayekutazama viatu kwanza ndipo akutajie bei. Jua kweli ni bure. Tenki si bure. Stendi ya chuma si bure, wala bomba, koki, fundi, nauli ya fundi, chakula cha mchana cha fundi, pamoja na msaidizi wa fundi ambaye kazi yake kubwa ni kumshikia fundi simu.

Watu wa Dar mniwie radhi. Ninyi mkifungua koki saa nane mchana maji yanatoka ya moto bila kumlipa mtu, na bado mnalalamika. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba maji yanashuka kutoka mlimani na nia mbaya. Mtoto wangu wa darasa la tatu anaingia bafuni asubuhi, unasikia ndoo inagongwa, maji yanamwagwa sakafuni, kikohozi cha kuigiza, kisha anatoka na nywele kavu na soksi mguuni. Miaka tisa, tayari anajua kughushi.

Njia nyingine zote tumeshazijaribu. Sufuria kubwa kwenye jiko la gesi inakula gesi sana, mtungi unaisha kabla ya mwezi. Ile hita ya kuchovya kwenye ndoo inachemsha vizuri, lakini kila asubuhi unakuwa na waya wenye umeme ndani ya ndoo ya maji katika nyumba yenye watoto, na mimi moyo wangu si wa chuma. Shawa ya umeme ndiyo raha kuliko zote, ila inakula kilowati tano na nusu kwa mpigo. Ukioga nayo huku mita ya umeme ya LUKU ipo ukutani karibu na mlango wa bafu, hutaimba. Utajipaka sabuni maji yamezimwa.

Wenzetu Wakenya serikali yao ilitunga kanuni mwaka 2012, kwamba jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lifungwe sola. Mimi sikulazimishwa na serikali yoyote. Mama watoto alisema mara moja tu, wakati wa chakula, bila kunyanyua macho: "Baba, mwaka huu baridi isitukute hivi." Mwanamume mwenye akili haombi ufafanuzi.

Kumbe sasa kuna sola na sola. Shemeji yangu, ambaye ni mtaalamu wa kila kitu ambacho hakilipii, akaniambia ninapoteza hela. "Si una paneli juu ya bati? Chomeka hita." Paneli yenyewe inawasha taa nne na redio. Nikapiga hesabu, maana siku hizi nimekuwa mwanafunzi wa fizikia kwa lazima. Maji ya lita 200 yakiwa na nyuzijoto 18, ukitaka yafike 50, yanahitaji karibu uniti saba na nusu za umeme. Siku kumi tu umemaliza uniti 75, kile kipimo cha mwezi mzima cha sisi watumiaji wadogo tunaouziwa kwa bei ya huruma, na hapo friji halijapata kitu, pasi haijanyoosha hata kola. Paneli za umeme zinageuza kama sehemu moja ya tano ya jua linalozipiga. Hita ya maji haihangaiki na umeme kabisa, jua linapasha maji moja kwa moja, na inakamata sehemu kubwa zaidi ya joto. Nikamweleza shemeji. Akasema hayo ndiyo aliyokuwa anayasema yeye.

Basi nikaingia madukani. Duka la kwanza: "Mzee, chukua ya mirija." Mirija ya kioo imepangwa mteremko, tenki limelala juu yake. Kila mrija una kioo mara mbili, na katikati hewa imenyonywa yote, teknolojia ileile ya chupa ya chai, joto likiingia halitoki. Maji yakipata moto kwenye mrija yanapanda yenyewe tenkini, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Hakuna pampu. Nikafurahi sana, nimepata kitu nyumbani kwangu ambacho kitafanya kazi bila kuombwa.

Duka la pili, hatua chache tu barabara hiyohiyo: "Nani amekudanganya, mzee? Mirija ni ya watu wasio na majirani." Huyu anauza ya bamba: boksi pana la kioo kigumu, ndani bati jeusi lililoungwa na bomba za shaba. Akanionya kwamba mrija ukipasuka mmoja tu, maji yote ya tenki yanamwagika kwenye bati mpaka mtu apande kuziba. Nikarudi duka la kwanza kuuliza. Akakubali kwamba ni kweli, ila mrija unabadilishwa mmoja mmoja, na lile bamba siku ya baridi na upepo linapoteza joto mno. Nikarudi duka la pili. Akakubali na yeye. Kwa hiyo wote wawili ni wakweli, na mimi nimesimama katikati ya barabara na mfuko wa nyanya.

Ningechagua mirija pale pale, maana baridi ya Julai ndiyo iliyonipeleka. Lakini nyumbani kwangu kuna suala la parachichi.

Mti ni wa jirani. Shina liko kwake, matawi yako kwangu, mavuno yako kwake, na yanayoanguka yanaangukia bati langu. Msimu ukifika usiku tunapigwa makombora. Kila likidondoka moja mbwa anabweka, mtoto anaamka, na asubuhi jirani anabisha hodi kwa adabu kabisa: "Shikamoo, nilisikia parachichi langu limeangukia kwako." Alilisikia! Sasa mtu mwenye jirani mwenye masikio hayo anaweka vipi mirija ya kioo juu ya paa? Na huo mti, mbali ya mabomu, kuanzia saa tisa alasiri unatupa kivuli nusu ya bati. Nikamfuata jirani kwa lugha laini, nikamwomba apunguze matawi mawili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha chai, akanieleza kwamba mti ule ulipandwa na marehemu baba yake. Nikanywa chai. Ukishatajiwa marehemu, msumeno unaurudisha nyumbani.

Muuzaji naye ana maswali ya uchunguzi. "Mko wangapi nyumbani, mzee?" Swali dogo, lijibu sasa. Kipimo wanachotumia ni kama lita 50 za maji ya moto kwa mtu kwa siku. Sisi ni baba, mama na watoto watatu, hapo ni 250. Kuna mpwa anayesoma chuo, yeye anahesabiwa akiwa na njaa. Kuna mama mkwe aliyekuja wiki moja wakati wa Pasaka na bado wiki haijaisha, Mungu amweke, sina neno. Kuna binti yangu wa kidato cha tatu anayeingia bafuni na simu, na spika, na anasikiliza albamu nzima. Nikamuuliza muuzaji, albamu moja ni lita ngapi? Akanishauri nichukue ya lita 300. Nikamwambia binti atapunguziwa nyimbo, tuangalie ya 200.

Hapo sijafika kwenye paa. Maji ya lita 200 ni kilo 200, ongeza tenki na stendi. Kenchi zangu nazijua, nilikuwepo zinapigwa. Mbao zilinunuliwa mwishoni mwa mradi, wakati ambapo hela inakuwa na aibu kutoka mfukoni. Fundi akapanda, akatembea juu ya bati huku akigonga kwa kisigino, akashuka akasema kauli inayonitoa jasho kila nikiisikia kwa fundi: "Inawezekana, ila."

Ila ya kwanza: mbao tatu za kuongezea nguvu. Ila ya pili: simtanki. Hizi hita za mirija za bei yetu hazina presha, zinasubiri maji yaingie kwa uzito wake, kwa hiyo tenki la maji baridi lazima likae juu zaidi ya tenki la hita. Mnara wangu wa simtanki umeishia usawa wa bati. Ama niupandishe, maana yake saruji, nondo na winchi ya watu sita, au ninunue pampu ndogo ya kusukuma maji. Pampu ya umeme. Yaani nanunua sola ili nikwepe umeme, halafu nanunua kitu cha umeme ili sola ipate maji. Nikamtazama fundi. Fundi akatazama mlima.

Na mlima wenyewe ndio kisa kingine. Kitabu cha maelekezo kilichokuja kwenye boksi kinasema elekeza hita kusini. Kimeandikiwa watu wa kaskazini mwa ikweta. Sisi tuko kusini mwake, mwezi wa sita jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo hita inatakiwa itazame kaskazini. Sasa ukiwa Arusha mjini, kaskazini kuna nini? Kuna Meru, mita elfu nne na mia tano na ushee, na mwezi wa saba Meru inajifunika wingu tangu alfajiri, wiki inakatika hujaiona hata bega. Ninalipa hela ya ada ya shule ili chombo changu kikae juu ya bati, kimetazama wingu.

Mdogo wangu yuko Iringa, anatuma picha za hita yake kila Julai. Kule baridi yao inakuja na anga jeupe, usiku wanaganda lakini mchana jua linawaka tupu, maji yao yanachemka. Sisi baridi yetu inakuja na wingu. Muuzaji nilipombana alikiri bila haya: maji yatapata uvuguvugu, yakipungua joto unawasha elementi ya umeme iliyomo ndani ya tenki. Na Januari? "Januari mzee, yatakuwa ya moto hatari, angalia watoto wasiungue." Januari! Mwezi ambao hata mama mkwe anaoga maji ya bomba.

Tenki lenyewe nalo lina siri. Ndani yake kuna fimbo ya madini ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tenki lisiliwe. Haipashi maji, haionekani, hakuna anayeishukuru, inaliwa kidogo kidogo mpaka inakwisha, halafu wanaingiza nyingine. Muuzaji alipokuwa anaeleza hayo, mama watoto aligeuka akanitazama kwa upole ambao sijauona tangu harusi.

Tumenunua ya mirija. Aliyeamua si mimi, baridi ndiyo iliyoamua. Stendi itafungwa upande wa jikoni ambako matawi hayafiki, kwa hiyo bomba litakuwa refu hadi bafuni, na kabla ya maji ya moto kufika utamwaga kwanza ya baridi yaliyolala humo. Mama watoto ameshatoa amri kuwa hayo ya kwanza yakingwe, yaoshe vyombo. Bomba ni PPR za kuchomelea, maana zile za plastiki za bei rahisi zikionja maji ya moto zinalegea. Mnara tumeupandisha. Ada, Mungu ni mwema, shule wanapokea kwa awamu.

Ikabaki siku ya kufunga. Fundi akasema Jumamosi, atafika saa sita mchana. Muuzaji aliposikia alipiga kelele mpaka wateja wakageuka. Mirija mitupu ikikaa juani inapanda hadi zaidi ya nyuzijoto 200, ukiingizia maji baridi saa hizo inapasuka papo hapo. Lazima ijazwe alfajiri au jioni. Nikampigia fundi, akalalamika kwamba saa kumi na mbili asubuhi hakuna daladala ya kwao, ikabidi nauli iwe ya bodaboda, na ya msaidizi pia, na chai yao mapema, na vitumbua. Sawa. Nikaazima ngazi kwa jirani wa parachichi, akaniazima kwa moyo mweupe, akaniuliza kama nikiwa juu nitamchungulia yaliyonasa kwenye mfereji wa bati.

Jana usiku fundi akapiga tena. "Mzee, simtanki limejaa?"

Nikatoka na tochi, nikagonga pembeni. Likaitika tupu juu hadi chini; kumbe nyumba nzima imefua. Nikaangalia ratiba ya mgao iliyobandikwa kwa balozi. Mtaa wetu maji yanatoka Jumatano na Jumapili.

"Basi tuje Jumapili, mzee," akasema fundi, "ila Jumapili mimi bei yangu inakuwa tofauti kidogo."