Kiwanja kisicho na hati huliwa mchana kweupe

Makala niliyoisoma inasema kiwanja cha watoto kuchezea kiko hatarini kwa sababu hakina hati ya umiliki. Nashukuru mwandishi kulitaja hilo, ndilo jambo lenyewe. Mtaani kwetu huku Eastlands, Nairobi, tulikuwa na kiwanja. Jumamosi moja tukaamka kimezungushiwa mabati mapya, na ule mkuyu tuliokuwa tukipumzika chini yake umeshaangushwa, utomvu mweupe bado unachuruzika kwenye kisiki. Leo pana ghorofa, watoto wanacheza katikati ya magari. Mvua ikinyesha, maji yanaingia hadi sebuleni kwa jirani yangu, maana udongo wa kuyanywa haupo tena.

Tukumbuke Uhuru Park, bustani ya umma hapa Nairobi, jamani! Mwaka 1989 ilipangwa kujengwa jumba la ghorofa 60 pale. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, aliandika barua juu ya barua, akatukanwa hadi bungeni, hakunyamaza, na bustani ikabaki. Msitu wa Karura nao aliupigania mpaka akapasuliwa kichwa, Januari 1999.

Naomba kaunti ipime kila kiwanja kilichobaki, kiandikishwe kuwa ardhi ya umma, na ramani ibandikwe papo hapo kiwanjani. Sisi wakazi tuko tayari hata kushika kamba za kupimia.