Miguu ya Manjano Haitoshi

Pasua bua la mhindi lililotobolewa. Ukimkuta funza amelegea, na kando yake kuna rundo la vifuko vyeupe kama chenga za mchele, basi nyigu anayetaga mayai ndani ya funza ameshapita hapo. Viweke vifuko hivyo kwenye chupa, funga mdomo kwa kitambaa, na siku chache baadaye watatoka nyigu weusi wa milimita mbili tatu hivi, miguu ya manjano. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanatazama miguu, wanasema "huyu ni Cotesia flavipes", kwa kuwa jina lenyewe lina maana ya miguu ya manjano, wanaandika, wanafunga daftari.

Mimi naona jibu hilo ni la kubahatisha tu.

Si kwamba umbo halina faida. Linakufikisha mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mishipa ya bawa la mbele peke yake inatosha mara nyingi kutenganisha familia mbili kubwa za nyigu hawa: Ichneumonidae kwa kawaida wana mishipa miwili inayokatiza sehemu ya nje ya bawa kutoka nyuma, Braconidae wana mmoja. Nyigu wetu wa bua ni Braconidae. Sasa mlaze jike ubavu chini ya hadubini. Kifua chake kimebapa kana kwamba kuna mtu alimkandamiza, na vipapasio vyake ni vifupi kuliko mwili. Kuna sababu. Jike huyu haishii mlangoni. Anajipenyeza ndani ya tundu alilochimba funza, katikati ya giza na mavi, akamchome huko huko. Wengine hung'atwa na funza wakafia humo. Dume hana shughuli hiyo ya kupenya mashimo, na vipapasio vyake ni virefu. Ukiona ubapa huo na ufupi huo kwa pamoja, unajua umelipata kundi.

Kundi, lakini si spishi. Huku kwetu Afrika Mashariki kundi hilo lina mwenyeji wa siku nyingi, Cotesia sesamiae, na mgeni, Cotesia flavipes, ambaye asili yake ni Asia. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walimwachia flavipes pwani ya Kenya mwaka 1993 ili apambane na Chilo partellus, funza ambaye naye alikuja kutoka Asia. Nyigu hawa wawili ni weusi wote, wadogo wote, wamebapa wote. Alama ya mwilini inayoaminika zaidi imo kwenye viungo vya uzazi vya dume, ambavyo lazima vitolewe, visafishwe na kuwekwa juu ya kioo. Ukiwa na majike matupu, alama hiyo huna.

Mtu ataniuliza, kuna shida gani wakichanganywa? Iko, tena ya kumgharimu mkulima. Funza wa nyanda za juu, Busseola fusca, anajua kujilinda: yai la flavipes likiingia mwilini mwake, chembe za damu yake hulizingira mpaka life. Zalisha nyigu huyo kwa wingi, mpeleke Kitale, huko nyanda za juu za Kenya, halafu ukae unangoja mavuno yapone. Hata sesamiae wenyewe hawafanani tabia. Wa pwani hushindwa na Busseola, wa Kitale humweza, na kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Mwaka 2017 mambo yakazidi kunoga. Nyigu waliokuwa wakihesabiwa sesamiae walipewa jina lao, Cotesia typhae. Hawa hupatikana kwa funza mmoja tu, Sesamia nonagrioides, anayeishi ndani ya Typha, mmea mrefu unaoota kwenye majimaji. Vinasaba vilisema ni spishi nyingine, lakini funza na mmea vilikuwa vinasema hivyo hivyo kwa yeyote aliyejali kuviandika. Funza huyo huyo anasumbua mahindi ya Ufaransa, na watafiti wa huko wamekuwa wakimchunguza nyigu wetu kama silaha.

Wapo wanaosema basi, tuachane na hadubini, tupime DNA kila mdudu. Sikubaliani nao. DNA inalinganisha sampuli yako na nyingine ambayo tayari kuna mtu aliipa jina; kama jina lile lilibandikwa kwa kutazama miguu, mashine italirudia kosa lile lile kwa heshima zote. Tena ofisi ngapi za kilimo wilayani zina mashine hiyo? Hadubini ya kawaida inawezekana, na lebo ni karatasi na penseli.

Ndiyo maana nagombana zaidi na chupa kuliko na macho. Mtu anakusanya vifuko vya shamba zima, anavimimina pamoja, halafu anataka majina. Rundo moja la vifuko limetoka kwa funza mmoja, na mara nyingi kwa mama mmoja, kwa hiyo madume ya rundo hilo ni kaka wa majike yaliyomo. Ukimtambua kaka, umewatambua na dada zake. Ukishachanganya marundo, huo undugu umepotea na hakuna hadubini ya kuurudisha. Rundo moja, chupa moja. Andika funza alikuwa nani, alikuwa kwenye mmea gani, wapi, mwinuko gani, tarehe gani. Na madume, ambayo hutupwa kwa sababu hayachomi funza, yawekwe kwenye spiriti pamoja na wenzao.