Kabla ya Kujaza, Tafuta Panapovuja

Nina neno moja kuhusu namna tunavyoendesha nyumba zetu, na nalisema kwa uchungu kwa sababu naona linavyowarudisha nyuma watu wachapakazi kabisa. Tunajaza sana, tunatafuta kidogo. Friji haigandishi, tunajaza gesi. Mshahara haufiki tarehe ishirini, tunajaza mkopo. Mama mjamzito ameambiwa damu yake ni pungufu, tunamjaza juisi ya rozela. Ni wachache wanaosimama na kuuliza: kilichokuwamo kimekwenda wapi?

Nianze na friji, maana hapo pesa huteketea mbele ya macho yetu. Hapa Dar es Salaam ni kawaida kusikia mtu akisema, "Friji yangu gesi imeisha, namsubiri fundi aje ajaze." Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: inasukumwa na kompresa, inapoa kwenye mabomba ya nyuma, inaingia kwenye friza kufyonza joto, kisha inarudi ilikotoka. Friji nzima inaweza kufanya kazi miaka na miaka kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna tundu. Labda kutu imekula bomba la chini, labda kiungo kimeachia, au mtu alikuwa anabandua barafu kwa kisu akatoboa friza. Hiyo ya kisu ndiyo ninayoisikia sana, na huwa inaniuma, kwa sababu ukizima friji na kuacha mlango wazi usiku mmoja, barafu inadondoka yenyewe.

Jirani yangu anauza barafu na juisi ya ukwaju kwa wanafunzi. Friji ndiyo shamba lake. Alishajaziwa gesi mara kadhaa na mafundi tofauti, na kila mara friji iligandisha vizuri kwa muda, halafu juisi ikaanza kuwa vuguvugu tena. Ukijumlisha alichowalipa, ulikuwa unakaribia bei ya friji ya mtumba. Safari ya mwisho alikuja kijana mmoja ambaye hakuanza na mtungi wa gesi. Aliingiza upepo wa presha kwenye mabomba, akakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, akaanza kupaka povu kwa brashi kwenye kila kiungo huku akimulika kwa tochi ya simu.

"Mama, njoo uone," akasema.

Kwenye kiungo kimoja karibu na kompresa, povu lilikuwa linavimba na kupasuka, linavimba na kupasuka, vipovu vidogo kama vya maji yanayokaribia kuchemka.

"Kumbe ni hapo tu, baba?"

"Ni hapo tu, mama. Hao wengine walikuwa wanajaza pakacha."

Akachomelea, akabadilisha kichujio, akavuta hewa yote kwa mashine, ndipo akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye friji kujua ni gesi ya aina gani na gramu ngapi. Hilo la karatasi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Friji nyingi mpya zinatumia R600a, za zamani kidogo zinatumia R134a, na huwezi kuchukua moja ukaiweka mahali pa nyingine kwa kubahatisha. R600a inawaka moto, kwa hiyo ni lazima itolewe yote kwenye mabomba na nyumba iwe na hewa ya kutosha kabla mtu hajawasha chombo cha kuchomelea. Tena kiasi chake ni kidogo, mara nyingi hakifiki gramu 100, kwa hiyo fundi makini anapima kwa mizani. Ukimwona anajaza kwa kusikiliza mlio na kugusa bomba tu, muulize. Na akikuambia kutafuta tundu kuna bei yake, mlipe. Huo muda wa kutafuta ndio ufundi wenyewe. Kujaza ni kufungua koki.

Kabla hata ya kumwita, kuna jambo la kufanya mwenyewe. Chukua karatasi, ibane kwenye mlango wa friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umelegea, na joto la jikoni linaingia mchana kutwa. Jaribu pande zote nne. Mara nyingi mpira haujafa, umejaa uchafu na umekakamaa. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uunyooshe kwa vidole, na utashangaa. Kisha sogeza friji mbali na ukuta na ufute vumbi la mabomba ya nyuma.

Mpira huo mmoja unagusa LUKU moja kwa moja. Kwa nyumba zilizo kwenye tarifa ya D1, ile ya watumiaji wadogo wa umeme, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hapo ni shilingi 350. Maana yake uniti ya 76 ina bei ya mara tatu na nusu ya ile ya 75. Nyumba ndogo yenye taa, televisheni na friji nzima inaweza kubaki chini ya mstari huo. Friji ile ile ikianza kuunguruma bila kupumzika, mnavuka. Halafu mnalaumu mita, mnaongeza umeme wa elfu tano, wa elfu kumi, na friji inaendelea kuunguruma.

Ukihisi umeme unaondoka bila sababu, zima kila kitu, chomoa hata chaja, kisha uangalie ile taa ndogo kwenye mita. Ikiendelea kupepesa, umeme unakwenda mahali. Inaweza kuwa waya uliochubuka ukutani, na huo ni hatari ya moto, au chumba cha mpangaji kilichounganishwa kwenye mita yako bila wewe kujua. Hapo mwite fundi umeme mwenye leseni.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamwaga karibu ndoo ya lita 20 kwa siku. Kinachotakiwa ni kipira cha bei ya chini kabisa dukani. Sisemi zaidi ya hapo.

Sasa pesa. Mikopo tuliyoipa jina kausha damu ina mantiki ile ile ya fundi mwenye mtungi. Chukua mfano: umekopa shilingi 100,000, mwisho wa mwezi urudishe 130,000. Mwisho wa mwezi huna yote, unalipa riba tu ya 30,000 na deni linasogezwa. Ukifanya hivyo mwaka mzima umetoa 360,000, na ile laki moja bado unadaiwa. Nimeona kina mama wakipoteza majiko, magodoro na televisheni kwa hesabu hii, na sikubali kusikia kwamba ni ujinga wao. Walikuwa na pengo la kweli: ada, hospitali, kodi ya miezi sita anayodai mwenye nyumba kwa mkupuo. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Ni vizuri, na iendelee kufanya hivyo. Lakini hata mkopo wenye leseni haukuambii pengo lako limetoka wapi.

Dawa yangu hapa ni daftari. Mwezi mmoja tu, andika kila kinachotoka, hata mia tano ya karanga. Unachokitafuta si ubadhirifu. Kwa wengi wetu hakuna ubadhirifu wowote, kuna kununua kwa kupima: mafuta ya kupima asubuhi na jioni, mkaa wa kopo, sukari ya robo, bando la siku. Kila kipimo kidogo kina faida ya mwenye duka ndani yake, na ni haki yake, Mangi naye ana kodi ya fremu. Ila ukijumlisha mwezi mzima, mtu anayenunua mafuta kwa kupima analipa zaidi kuliko yule mwenye gari anayenunua dumu. Anayelipwa kwa siku hawezi kununua dumu peke yake. Wanne wanaweza. Vikoba vya chakula, ambavyo wanawake wamekuwa wakivitumia kukusanya mchele, mafuta na sukari kwa ajili ya sikukuu, vingefaa kufanya hivyo kila mwezi. Mnanunua dumu la lita 20 na gunia la mkaa, mnagawana kwa kipimo kile kile mbele ya wote, na faida ya rejareja inabaki mikononi mwenu. Nimeuona mpango huu ukifanya kazi kwenye nyumba ya wapangaji, na sharti lililoushikilia lilikuwa moja: hakuna kukopeshana kile kilichomo kwenye dumu.

Si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa wingi. Unga wa dona una kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta, kwa hiyo hauchukui muda mrefu kabla ya kuanza kuchacha. Nunua wa wiki mbili tatu. Mahindi yenyewe yawe makavu kweli, yasiyo na ukungu wala punje zilizobadilika rangi, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Unafuu wa bei kwenye mahindi yenye ukungu si unafuu.

Nimalizie na mwili, ambako suala hili linanigusa zaidi. Mtu akiambiwa damu ni pungufu, mtaani tuna majibu tayari: rozela, kiazi chekundu, soda nyeusi iliyochanganywa na maziwa. Wekundu wa juisi ni rangi tu. Mwili unatengeneza damu kwa madini ya chuma na virutubisho vingine, na sehemu kubwa ya watu wanaopungukiwa wanakula maharage, dagaa na mchicha, vyakula vyenye chuma. Kinachopotea kinapotea njiani. Chai ni njia moja. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na mlo inazuia chuma cha maharage na mboga kufyonzwa. Isogeze, inywe saa moja au zaidi baada ya kula. Na kwenye sahani kamulia ndimu, au kula pera au chungwa, kwa sababu vitamini C inakisaidia chuma kuingia. Pera linaoza chini ya miti msimu mzima, na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Njia nyingine ni kuvuja kwenyewe. Safura, wale minyoo wanaoingia kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, wanajishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu siku hadi siku. Kichocho kinatoa damu kwenye mkojo. Malaria inavunja chembe za damu. Kuna wanawake wanaotokwa na hedhi nzito miaka mingi na hawajawahi kumwambia mtu, wakidhani ndivyo walivyoumbwa. Mtu wa aina hii unaweza kumnywesha rozela pipa zima.

Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vinywewe kama mhudumu alivyoelekeza, sipingi hilo hata kidogo, na mjamzito asiviache kwa sababu ya kichefuchefu bila kurudi kuuliza. Ninachoomba ni swali liulizwe pale pale kwenye dirisha la dawa. Shangazi, dada, mwanangu, ukiambiwa damu ni pungufu, mwambie daktari: naomba tujue inakwenda wapi. Apime malaria. Apime choo na mkojo. Aulize kuhusu hedhi, na wewe umjibu bila aibu, hata kama foleni nyuma yako ni ndefu na mtu wa pili anasikia.