Ukishalipa tu, ukarimu unaisha

Jamani hili la juzi Kariakoo limeniuma na siwezi kulinyamazia. Nilimsindikiza mama mdogo kurudisha blenda aliyonunua kwa ajili ya biashara yake ya juisi, hata wiki haijaisha imeanza kutoa moshi. Risiti anayo, boksi analo. Kijana yuleyule aliyemvuta kwa "karibu mama yangu, hapa ndo umefika" safari hii hata shikamoo hakuna, kiti hakuna, anajibu huku anachati, "umeiunguza mwenyewe, soma risiti hapo, mali ikishauzwa hairudishwi." Mbele za watu. Mama wa watu kabaki kakumbatia boksi lake kama mwizi aliyekamatwa.

Mimi nasema adabu ya biashara inapimwa hapo. Kumchangamkia mtu mwenye hela mkononi Kariakoo nzima inaweza, ukipita Mtaa wa Kongo wanakushika mpaka mkono, mara bosi, mara mrembo, mara anko. Kazi iko pale mteja anaporudi na tatizo na hana cha kukuongezea, ndo utajua kama alikuwa anaheshimiwa yeye au pochi yake. Na tusidanganyane na ile kujaribishiwa dukani, blenda ikizunguka tupu dakika moja haikuambii itafanyaje ikiwekewa barafu na maembe kutwa nzima, kwa hiyo mtu akirudi usimwone mjinga, kifaa ndo kimeanza kazi sasa. Hayo maneno ya kwenye risiti nayo watu wameyafanya msahafu wakati tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na FCC, yaani Tume ya Ushindani, ipo kumlinda mlaji. Lakini hata tuache sheria. "Pole mama, kaa kwanza tuiangalie" inagharimu shilingi ngapi?

Haya, nakubali, wapo wateja waongo, mtu anaunguza kitu makusudi anakuja kulia dukani. Na yule kijana pengine amesimama toka asubuhi kwa posho ya nauli na chakula, hana ruhusa ya kubadilisha hata soketi. Sawa. Bado haimpi haki ya kumdhalilisha mtu mzima.

Wale wa mtandaoni wa "bei njoo DM" halafu ukiuliza mara mbili unablokiwa, nanyi mjitafakari. Na kampuni zinazokata keki kila Oktoba kwenye wiki ya huduma kwa wateja, pokeeni simu zetu Novemba pia.

Ila ombi langu kubwa ni kwa wenye maduka, maana kijana anafuata mnachomruhusu. Mwekeeni utaratibu, kitu kikirudi na risiti ndani ya siku kadhaa akipokee, kitengenezwe au kibadilishwe bila kusubiri mpaka bosi apatikane hewani huko China. Na mlipeni mshahara wa kueleweka, mtu mwenye njaa hawezi kuwa na kauli nzuri kutwa nzima.