Mrija wa Kemo Ukiwekwa Mbali, Nani Atautunza Kigoma?

Mtu akitoka Kigoma kwenda kutibiwa saratani, Ocean Road kule Dar es Salaam au Bugando pale Mwanza, ndugu tunakaa kikao cha nauli, mahali pa kufikia na nani atamsindikiza. Mishipa yake ya damu haitajwi. Mimi nasema itajwe, tena kabla ya dripu ya kwanza.

Si kila dawa ya kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, inafaa kupita kwenye mshipa mdogo wa mkono. Ipo ile ambayo wagonjwa huiita dawa nyekundu, doksorubisini. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake kinaweza kumfikisha mtu kwa daktari wa upasuaji. Vinkristini, ambayo hupewa watoto wengi wenye saratani ya damu, nayo ni hivyo hivyo. Na hata dawa isipovuja, mishipa huchoka. Inakuwa migumu kama kamba ya wavu, inauma, mwishowe haionekani.

Shangazi yangu alifanyiwa upasuaji wa titi la kushoto, akaondolewa na tezi za kwapani. Akaambiwa mkono ule usichomwe sindano. Basi dawa zote zikaingilia mkono wa kulia, mpaka ukafika wakati wauguzi wanaukanda kwa maji ya moto, wanaupigapiga, wanachoma, wanatoa, wanachoma tena. Mwanamke aliyelima mihogo maisha yake yote, sijawahi kumwona akilia shambani, alianza kulia akiona kanyula tu, kile kisindano cha dripu kinachoachwa mshipani. Hapo ndipo daktari alipotaja mrija, kipira chembamba kinachoingizwa mshipani na kuachwa humo kupitishia dawa. Linaniuma mpaka leo kwamba haukutajwa mishipa ikiwa bado mizima.

Alipoambiwa ncha ya mrija itakaa kwenye mshipa mkubwa jirani na moyo, alinishika mkono. "Baba, si ndiyo kuniua huko?" Hofu yake ina haki yake. Lakini jambo hili si geni: mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija wa sentimita 65 kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha. Mwaka 1956 akashirikiana na wengine wawili kupata Tuzo ya Nobel. Shangazi alichomwa ganzi sehemu ya juu ya mkono, mrija ukaingizwa akiwa macho, akapigwa eksirei kuhakikisha ncha imefika panapotakiwa. Kuanzia siku ile dawa na vipimo vya damu vikapita humo. Kilio cha kanyula kikaisha.

Shida ilianza tuliporudi nyumbani. Mrija wa mkononi unataka kusafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali na kubadilishiwa bandeji kila wiki hivi, kwa mikono safi na vifaa visivyo na vijidudu. Usiposafishwa, damu huganda ndani na mrija huziba. Kwenye kituo kimoja nesi aliutazama, akasema kwa upole kwamba hawajawahi kushika kitu cha namna ile, tuurudishe ulikowekwa. Simlaumu hata kidogo. Kuugusa bila kujua ni hatari kuliko kuuacha. Ila kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu hawezi kuzisafiri kwa ajili ya bomba moja la maji ya chumvi.

Homa ndiyo inayonitisha zaidi. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, na vijidudu vikiingia kwenye mrija vimeshafika kwenye damu. Joto la nyuzi 38 kwa mgonjwa huyu ni dharura ya usiku huohuo. Haisubiri treni wala basi la alfajiri.

Upo mrija mwingine ambao kwa watu wa mbali naona unafaa zaidi: ule wenye kidude kinachozikwa chini ya ngozi ya kifua. Hauna bandeji kidonda kikishapona, mtu anaoga vizuri, na kati ya dozi husafishwa mara moja tu kila baada ya wiki kadhaa. (Shangazi alikuwa akifunga mkono kwa nailoni kila akioga, na ndoo za maji akabebewa na majirani.) Lakini kuuweka kunataka upasuaji mdogo, gharama yake ni kubwa, na huchomwa kwa sindano yake maalumu, maana sindano ya kawaida huharibu kizibo chake. Kwa hiyo nao unahitaji mtu anayeujua huku kwetu.

Ninachoomba kinawezekana. Wauguzi wachache wa Maweni, hospitali ya mkoa wetu, na wengine Kasulu na Kibondo, wapelekwe kwenye wodi za saratani wajifunze kazi hii kwa vitendo. Mgonjwa asiruhusiwe kurudi bila bandeji na mabomba ya maji ya chumvi ya kumtosha hadi dozi inayofuata, pamoja na karatasi inayosema ni mrija wa aina gani, urefu wake, umewekwa lini, na namba ya simu ya wodi. Na wewe unayemsindikiza mzazi wako wiki hii, siku ya kwanza kabisa muulize daktari: mishipa hii itahimili dozi zote? Kama haitahimili, mrija uwekwe lini, na kule nyumbani nani ataushika?