Chumba kimoja, maji safi na mizani ya jikoni

Mtoto wa paka akifika nyumbani, mara nyingi hufanyiwa mambo matatu siku hiyohiyo: huogeshwa, huwekewa kisahani cha maziwa, kisha huachiwa nyumba nzima azurure. Yote hufanywa kwa upendo, na yote humwumiza. Nashikilia kwamba wiki ya kwanza si ya kumwongezea vitu bali ya kumpunguzia. Apate chumba kimoja, chakula kilekile alichotoka nacho, maji, na mtu anayempima uzito.

Kwanza, umri. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, na akikaa hadi wiki 12 ni bora zaidi. Utaambiwa wa wiki 5 ameshaacha kunyonya kwa sababu anaramba chakula laini. Kuramba si kuachishwa. Zaidi ya hayo, ni katika kucheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kwamba akiuma sana, mchezo unakwisha. Aliyekosa somo hilo huja kulifanyia mazoezi kwenye vidole vyako.

Chumba kiwe kidogo, chenye mlango unaofungwa, bila upenyo nyuma ya kabati wala waya zinazoning'inia. Chakula na maji viwe upande mmoja, choo kona ya mbali, kwa kuwa paka hapendi kula karibu na anapojisaidia. Laza boksi kwa ubavu, uweke kitambaa ndani, hapo ndipo atakapojificha. Paka hukizoea kiwanja kwa harufu. Ukimtupa kwenye nyumba nzima, atakimbilia nyuma ya friji, na haja ikimbana ataimalizia hukohuko, maana hajui choo kiko wapi. Usimvute atoke. Kaa chini sakafuni, nyamaza, aje mwenyewe. Wengine huchukua siku mbili, wengine wiki nzima, na hakuna ubaya. Kuoga kusubiri, kwa kuwa mwili mdogo hupoteza joto haraka. Akiwa mchafu, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kisha umkaushe vizuri.

Sasa maziwa. Paka anapoendelea kukua, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa hupungua, na maziwa ya ng'ombe yana sukari hiyo kwa wingi. Isiposagwa huvuta maji kwenye utumbo, naye anaharisha. Kwa paka mkubwa ni usumbufu tu. Kwa mwenye uzito usiofika kilo moja, kuharisha kwa siku moja kunaweza kumkausha maji kiasi cha kuhatarisha maisha yake. Mpe maji, basi. Yatima asiyefikisha wiki 4 ni habari nyingine: huyo anahitaji maziwa maalumu ya watoto wa paka, na apashwe joto kabla ya kulishwa, kwa sababu tumbo la mtoto aliyepoa halisagi kitu.

Chakula kiwe kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, milo midogo 4 kwa siku mpaka afikishe miezi 4 hivi, kisha 3, na baada ya miezi 6 miwili inatosha. Chakula cha mbwa hakifai. Paka lazima apate kirutubisho kiitwacho taurini kutoka kwenye chakula, na ikikosekana kwa muda mrefu macho huharibika na moyo hudhoofika. Nyama tupu nayo haitoshi, maana ina kalisiamu kidogo mno na mifupa inayokua huipata kwa shida. Ukitaka kubadilisha chakula, changanya kipya kidogo kidogo na cha zamani kwa siku 7 hadi 10. Wengi huona kuharisha wiki ya kwanza wakadhani ni ugonjwa, kumbe ni chakula kilichobadilishwa ghafla.

Mizani ya jikoni ndiyo kifaa ninachokipigia debe kuliko kingine chochote. Weka bakuli pana juu yake, irudishe kwenye sifuri, mtie paka ndani, soma. Fanya hivyo kila siku saa ileile kabla hajala, uandike. Wa wiki 8 huwa na gramu 900 hivi, na kwa kawaida huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Akisimama palepale siku mbili, au akishuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mchangamfu. Manyoya huficha mengi: pitisha kidole mgongoni, na ukihisi pingili za uti zimechongoka huku tumbo likiwa duara kama mpira, huyo hajanenepa, ana minyoo. Mtoto wa paka asiyekula kwa saa 12 hasubirishwi mpaka kesho.

Minyoo hiyo aghalabu hutoka kwenye maziwa ya mama yake, ndiyo maana hata paka asiyewahi kutoka nje huwa nayo. Dawa hutolewa kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, na kipimo hufuata uzito. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4, na ya mwisho isiwe kabla ya wiki 16. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyoipata kwa mama yake huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye kwa hakika ni wiki gani itakwisha. Mpaka hapo abaki ndani. Virusi vya panleukopenia, vinavyoua watoto wa paka kwa kasi, vinaweza kukaa mazingirani hadi mwaka mzima na kuingia nyumbani kwa soli ya kiatu.

Kuhusu viroboto nasema kwa mkazo: usimpake dawa ya mbwa. Nyingi zina kiua wadudu kiitwacho permethrini, na kiasi kidogo tu humtia paka degedege na kumwua. Tumia kitana chenye meno ya karibu, ukikichovya kwenye maji ya moto yenye sabuni kila unapokipitisha. Mfunue mdomo uone fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, huenda viroboto vimeshamnywa damu nyingi, na hiyo ni dharura. Parasetamoli nayo ni sumu kwake, hata kipande cha kidonge.

Choo hakina fumbo. Beseni lenye kingo za sentimita 5 hadi 7 ili aweze kupanda, mchanga wa kina cha sentimita 3 hivi, na usiwe wa aina inayoganda ikilowa mpaka afikishe miezi 4, kwa sababu watoto huula. Mweke humo baada ya kula na baada ya kulala. Zoa kila siku.

Mchezo uwe wa fimbo yenye manyoya, si mkono wako, na ukikwisha fimbo ifungiwe kabatini. Akimeza uzi na ncha ikaonekana mdomoni au nyuma, usiuvute. Unaweza kuwa umenasa ndani, na kuuvuta hukata utumbo. Mpeleke hospitali hivyohivyo.

Ziara ya chanjo ya mwisho ndiyo ya kupanga tarehe ya kumfunga kizazi au kumhasi, kabla ya miezi 5. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na dume na jike waliozaliwa pamoja watapandana bila kujali udugu wao.