Soli Yangu Imebaki Kae Kuu

Kabla hamjaendelea kunitumia ile klipu yangu ya Mwaka Kogwa, nakwambieni mara moja: mimi sikukimbia. Mtu anayekimbia huwa na viatu. Rafiki yangu wa Makunduchi, aliyenialika mwenyewe na kunilisha wali wa nazi kwao mwenyewe, ndiye aliyeirusha mwanzo kwenye kundi letu, na chini yake kaandika "komando wa Kikwajuni". Haya, na mimi nasema yangu, unyayo bado unawaka.

Mwaka Kogwa mnaujua, sikukuu ya mwaka mpya kule Makunduchi, kusini ya Unguja. Julai, wanaume wa kusini na wa kaskazini wanachapana kwa mabua ya migomba, visasi vya mwaka mzima vinaishia pale pale, na wanawake wanazunguka wakiimba maneno ambayo siku nyengine ukiyatamka unapelekwa kwa sheha. Miaka yote mimi huenda kuangalia tu, nimesimama nyuma na kashata yangu. Safari hii nikasema naingia, kwa sababu huyo rafiki ana elfu ishirini yangu tokea Mfunguo Mosi.

Shida ikaja kwenye swali dogo: nivae nini mguuni? Mwenye akili zake angemuuliza mtu wa Makunduchi. Mimi nikamuuliza mtoto wa mamkubwa aliyeko Uingereza. Bwana yule kule ana mchezo wao, watu wazima na ndevu zao wanaingia msituni na bunduki za bandia, wanalengana kwa vigololi vya plastiki vya milimita 6. Eyasofti, ndivyo wanavyouita. Nikaona huyu ndiye mtu wa vita. Vita vya uongo, lakini na vyetu si vya kweli.

Akaniletea sauti ya dakika saba. Buti lipite kifundo cha mguu, maana mchezoni macho yako yapo kwa adui, hayapo chini, na kishimo kimoja tu kinakutegua. Soli iwe na meno. Raba nyepesi usivae, kijiti kinapenya. Soksi ziwe nene na zisiwe za pamba, pamba ikishiba jasho inakuchubua. Na kiatu ukizoeshe wiki mbili, usikivae mara ya kwanza siku ya vita. Tena akanieleza na adabu za mchezo, kwamba kule ukipigwa unanyoosha mkono mwenyewe, unasema nimepigwa, unatoka. Mwisho akasema: "Yangu ya zamani yapo kwa mama, juu ya kabati. Kachukue."

Hilo la wiki mbili nililisikia. Msiniulize.

Mabuti yalikuwa ndani ya mfuko wa nailoni tokea 2015. Mazuri hayo! Rangi ya mchanga, kamba ndefu utasema za ngalawa. Nikayapangusa kwa mafuta ya nazi, nikatembea nayo kutoka chumbani mpaka jikoni, nikajitazama kiooni, nikajipenda. Mazoezi yakaishia hapo.

Kae Kuu, kwenye uwanja wenyewe wa mapigano, nikakuta watu wamejiandaa kweli, ila juu: makoti mazito, helmeti za pikipiki, mmoja kajifunga godoro la mtoto. Miguuni? Ndara. Makubadhi. Wengi pekupeku. Mwenyeji wangu akanitazama kuanzia chini akapanda, akauliza, "Yakhe, unakwenda Kongo?" Nikamwambia ngoja, utanijua leo, wewe na elfu ishirini yangu.

Sasa sogeeni.

Watu wamejipanga. Nina bua langu mkononi, bichi, linatoa utomvu (ile kanzu nayo msiiulize, utomvu wa mgomba hautoki). Kelele zikapanda, safu zikavamiana, nikamwona rafiki yangu kule. Nikachomoka kumfuata. Msukosuko ukanizungusha, na nilipotulia, mbele yangu kasimama mzee. Mzee hasa, kifua wazi, ndevu nyeupe, na bua refu kuliko langu. Mdomo wangu, kwa malezi tu, ukasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na huku ananyanyua bua.

Nikarudi hatua moja nyuma kujipanga, na mguu wa kulia ukakanyaga kitu laini kama mkate wa kumimina uliokuwa haujaiva. Nikajua nimekanyaga kinyesi cha ng'ombe. Laiti kingekuwa kinyesi cha ng'ombe! Natazama chini, ni soli. Soli nzima, na kisigino chake, imelala nyuma yangu, inamong'onyoka vipande vyeusi kama kashata iliyokaliwa kwenye gari. Mguu wa kushoto nao umeachama mbele, mdomo wazi kama chewa, na vidole vyangu ndani vinachungulia watu.

Hapo ndipo akili yangu, katika mambo yote iliyoyasikia kwenye zile dakika saba, ikachagua moja. Nikanyoosha mkono juu.

"Nimepigwa!"

Mzee akalishusha bua. Akaniangalia kwa huruma ambayo sijaiona tokea nilivyofeli darasa la saba.

"Bado sijakupiga," akasema.

Akainama, akaiokota ile soli, akaigeuza, akainusa, akanipa kwa mikono miwili kama anayekabidhi maiti wa kitoto. "Chukua mguu wako, mwanangu."

Wanawake walikuwa hatua kumi kutoka pale. Nikasikia wimbo wao umekatika. Ndugu zangu, wimbo wa Mwaka Kogwa ukikatika, ujue unatungwa mwengine. Haukuchukua hata dakika:

"Buti la mgeni halina soli,
mwenyewe naye hana hali!"

Na makofi. Na vigelegele. Na mtalii mmoja kapiga magoti anapiga picha ile soli peke yake.

Kuhusu machozi yanayoonekana kwenye klipu: ule ni moshi wa kibanda cha makuti kinachochomwa siku ile. Najua mtasema kibanda kilikuwa hakijachomwa bado. Nyamazeni.

Nikachechemea kwenye vijiwe vyote vya Makunduchi mpaka nyumbani kwa mwenyeji, mama yake akanipa ndara zake za waridi, visigino vyangu vikabaki nje, nikapanda gari ya 310 kurudi mjini. Kondakta alikuwa keshaiona klipu. Elfu ishirini sijalipwa.

Wa Uingereza naye ilimfikia kabla mimi sijafika Tunguu. Kanitumia sauti ya dakika nne, tatu za mwanzo kicheko. Ya mwisho ananieleza kwamba soli zile ni za poliyurethani, zinaliwa na unyevu kimya kimya hata kiatu kisipovaliwa, na hewa yetu hii ukiikamua inatoa maji. "Ndiyo nikakwambia wiki mbili," anasema. "Yangekufia nyumbani."

Fundi wa viatu kayapindua, kayarudisha, hakusema hata bei. Nikampelekea mamkubwa, kichwa chini, naye akayapokea kimya. Leo asubuhi nimepita kwake, nimekuta buti la kulia limesimama barazani, limejazwa udongo, mrehani umeshachipua. La kushoto kalikalisha pembeni, anatafuta cha kuziba ule mdomo.